Meno Saba Ndani ya Bahasha

Meno saba ya mwisho ya babu yangu yaling'olewa siku ya Jumamosi, mwezi wa Julai, huko Westerville, kaskazini mwa Columbus, ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, chini kabisa ya goli. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyetafsiri. Daktari, kijana mwenye taa kichwani kama mchimba madini, aliuliza, "Tung'oe mangapi?" Nami, kwa sauti ileile ambayo Sista Delfina wa bweni letu la Kasulu aliitumia kuhesabu sahani, nikajibu, "Yote."

Nimewahi kusema maneno mengi ya kipuuzi maishani mwangu. Niliwahi kuwatangazia wasichana mia moja na ishirini, Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwamba askofu yuko getini, kisha nikakaa kwenye ngazi nikiwatazama wakipiga deki. Kwa hilo niliandika barua ya kuomba radhi yenye kurasa tatu. Lakini hakuna neno langu lililowahi kuleta hasara kama hilo moja la Westerville.

Babu Gaudiosi ni baba yake mama yangu. Anafanya kazi kwenye ghala huku South End, Louisville, akikunja maboksi. Kwenye karatasi ana miaka sitini na moja na alizaliwa Januari mosi, umri aliopewa kwenye kambi ya wakimbizi na karani mwenye haraka. Sura yake inadai zaidi. Ghalani wanamwita Gody na hawajui chochote kuhusu yeye.

Hawajui kwamba ni msemaji. Kwetu Warundi, kijana akitaka kuoa, familia yake haiendi kwa wakwe na kuropoka tu. Inapeleka mtu anayejua kusema. Huyo anasimama, anaamkia, anazunguka mbali, anadai ametafuta ndama aliyepotea, na msemaji wa upande wa binti naye anasimama kumjibu. Anajifanya hawajui wageni hawa. Anajifanya binti hayupo. Anauliza ng'ombe wa mahari wana pembe za namna gani na nani amewaona. Wanavutana hivyo mpaka watu wacheke, halafu mpaka walie, na hapo ndipo binti anatolewa. Kambini Nyarugusu, Babu ndiye aliyekuwa akiwajibu wakwe. Watu waliahirisha harusi zao mpaka malaria yake ipone.

Sasa binamu yangu Spés, binti wa Mama Mkubwa Kostansia wa Buffalo, alikuwa ameposwa na kijana anayeitwa Karaha, wa familia iliyotoka milima ya Kivu Kusini. Siku ya kuombwa ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kwenye ukumbi ulio nyuma ya Grant Street. Na msemaji wa upande wa Karaha alikuwa Mzee Rurangwa, ambaye Buffalo nzima inasema hajawahi kushindwa. Lugha yao na yetu zinasikilizana, kwa hiyo hapangekuwa na kisingizio. Rurangwa alituma ujumbe wa sauti: "Mwambieni Gaudiosi aje na kiti chake mwenyewe, maana nitamchosha." Babu aliusikiliza mara nne, akicheka kwa meno yake saba.

Yalikuwa saba, lakini yalikuwa ya mbele, na yalikuwa yanafanya kazi ya ishirini. Tatizo ni kwamba yalianza kucheza. Mwezi wa Mei, daktari wa meno hapa Louisville aliyatazama akasema yameoza kwenye mizizi. Atayang'oa, kisha amtengenezee Babu meno bandia ya juu na chini. Seti nzima ilikuwa dola elfu mbili na mia nane, na bima ya kazini ingelipa nusu.

Bima hiyo Babu alikuwa nayo tangu Januari. Walikuwa wakimkata mshahara kila Ijumaa. Alipojiunga walimpa kitabu cha kurasa arobaini na sita, naye akakileta kwangu kwa mikono miwili kama anayeleta Biblia.

"Soma, Sista," aliniambia. Ananiita Sista kwa sababu ya ile shule, ingawa sisi ni Wapentekoste.

Nilisoma jalada. Palikuwa na picha ya wazee wawili wa Kizungu, kila mmoja ameuma tufaha.

"Inasemaje?"

"Inasema utatafuna matufaha, Babu."

"Amina," akasema, akakiweka kitabu kwenye lile sanduku lake la chuma pamoja na kadi ya chakula ya mwaka tisini na sita, ambayo bado anaitunza ndani ya plastiki, labda siku moja watadai.

Halafu Mjomba Samsoni akapiga simu kutoka Columbus. Kuna siku ya meno, bure, kanisa moja la Westerville limeazima ukumbi wa shule, madaktari arobaini wanakuja. Hapo ndipo lazima niwaeleze akili za watu wa kambi, kwa sababu mtu aliyezaliwa Louisville asingefanya tulichofanya. Mtu wa kambi anajua kwamba chanjo ikija, unakwenda. Blanketi likija, unakwenda. Huulizi kama unalihitaji, kwa sababu wiki ijayo gari halitakuwepo. Babu alipiga hesabu yake kwa utulivu kabisa: kung'oa Louisville kuna gharama, nusu yake, nusu ya Kampuni ya bima. Aking'olewa bure Columbus, atakuwa amejisaidia yeye na ameisaidia Kampuni. Alidhani watamshukuru.

Tulifika pale kukiwa bado giza, Babu na kigoda chake, mimi na chupa ya chai. Tulikuwa namba tatu. Wenye namba moja na mbili walikuwa Warundi pia.

Meno aliyaomba. Yule daktari mwenye taa aliyatia kwenye kichupa cha vidonge, akamfunga Babu utepe wa karatasi mkononi, akampa pamba ya kuuma. Mjomba Samsoni akampiga picha chini ya goli, mashavu yamevimba, kidole gumba juu. Njiani kurudi Babu alijaribu kuimba tenzi, ikawa kama mtu anayepuliza moto.

Wiki mbili baadaye, karani wa daktari wetu wa Louisville akapiga simu. Kampuni imekataa.

"Wanasema angalia ukurasa wa thelathini na moja," akaniambia.

Nilikitoa kile kitabu kwenye sanduku la chuma. Nikausoma ukurasa wa thelathini na moja nikiwa nimesimama, halafu nikaketi. Ulisema hivi: Kampuni hailipii meno bandia ya kuziba nafasi za meno yaliyotoka kabla bima haijaanza. Isipokuwa, ukaendelea, kama meno hayo bandia yanaziba pia nafasi ya angalau jino moja lililong'olewa wakati mwanachama ana bima, na daktari aliye kwenye orodha ya Kampuni, akiwa amelipiga picha ya eksirei kwanza.

Jino moja tu. Babu alikuwa nayo saba.

"Soma tena," akasema Babu.

Nikasoma tena.

"Donc," akasema, yaani kwa hiyo, maana akichanganyikiwa Kifaransa cha shule ya msingi kinamtoka, "yangekuwa bado yako mdomoni, wangelipa?"

"Ndiyo, Babu."

"Na sasa hayapo, ndiyo maana nahitaji mengine, hawalipi?"

"Ndiyo, Babu."

Alikitazama kichupa pale juu ya televisheni. Aliuliza kama yule daktari mwenye taa anaweza kuyarudisha, hata moja. Sikujua kama anatania. Kwa mara ya kwanza katika historia ya familia yetu, mimi ndiye niliyeshindwa kujua.

Watu wa Kampuni waliposikia tunataka kubishana, walituletea fomu. Ilikuwa na visanduku thelathini na viwili, kila jino kwa namba yake, na mbele ya kila kisanduku tarehe ya kutoka na sababu. Tuliijaza mezani jikoni, Mama akikata sombe, majani ya muhogo, pembeni. Mama yangu, Florida, ni mtu wa maneno machache na kisu kikali.

"Namba tatu," nikasema, nikimgusa Babu shavu la juu kulia.

"Hilo ni maharage ya msaada. Yalikuwa na mawe. Tisini na saba."

"Namba kumi na nne."

"Muuguzi wa kambi, kwa koleo. Ganzi ilikuwa imekwisha. Andika kwamba hakuwa mtu mbaya."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo."

"Andika kwa herufi ndogo."

Nikaandika kwa herufi ndogo. Tuliendelea hivyo, jino kwa jino, mpaka nikaanza kufurahia. Kulikuwa na jino lililovunjikia kwenye muwa siku ya harusi ya mama yangu, na jino ambalo Babu alilitoa mwenyewe kwa uzi na mlango wa kanisa, mchungaji akiwa ndiye mwenye kuufungua mlango.

"Namba thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili. Chini kulia."

Kisu cha Mama kikasimama.

"Hayo yalitoka pamoja," akasema Babu. "Tisini na tatu. Kwenye kizuizi, karibu na mpaka. Kitako cha bunduki."

Fomu ilikuwa imeorodhesha sababu za kuchagua: kuoza, ugonjwa wa fizi, ajali, nyingineyo. Nikaweka alama kwenye ajali.

"Umeandika nini?"

"Ajali."

"Haikuwa ajali," akasema Babu. "Alilenga."

Nikafuta. Nikaweka alama kwenye nyingineyo. Mama akaanza kukata tena, polepole.

Yakabaki yale saba. Nikashusha sauti, ile ya bwenini ya kupanga mambo. "Babu, hapa tunaandika kwamba aliyang'oa daktari wetu wa hapa. Mwezi wa sita. Nitazungumza na yule karani wake, ana roho nzuri."

"Ange!" akasema Mama.

"Mimi nilikuwa Columbus," akasema Babu.

"Nani atajua?"

"Mimi nilikuwepo."

Ndivyo tulivyoandika ukweli, visanduku vyote thelathini na viwili, na kwa muda wa siku tatu nilijiona mtu mwema kupita kiasi.

Siku ya nne tuliipigia Kampuni. Muziki ulipiga kwa dakika hamsini. Hatimaye akaja dada mmoja mwenye sauti tamu, akaomba tarehe ya kuzaliwa ya mwanachama.

"Januari mosi," nikasema.

"Na wewe unayemsemea? Ni lazima nikuhakiki."

"Januari mosi."

"Kuna mtu mzima mwingine hapo nyumbani?"

Nikampa Mama simu. "Januari mosi," akasema Mama.

"Samahani," dada akasema, na ile sauti tamu ikawa imepungua sukari, "hii ni simu ya mzaha?"

Nataka ieleweke vizuri. Nimepiga simu za mzaha. Niliwahi kumpigia matroni nikijifanya fundi wa tangi la maji, nikamfanya ajaze ndoo arobaini. Lakini siku hiyo nilikuwa mkweli kama maji ya kisima, na ndiyo siku pekee niliyotuhumiwa bila kosa. Nilimweleza kuhusu karani mwenye haraka. Akasema anaelewa. Nikamweleza kuhusu Westerville.

"Jina la daktari aliyeyang'oa?"

"Alikuwa na taa kichwani."

"Jina, dada yangu."

Mjomba Samsoni alikuwa ameshalitafuta jina hilo. Kanisa lilisema ukumbi ulikuwa wa shule. Shule ilisema karatasi zilikuwa za waandaaji. Waandaaji walipata kwenye daftari lao kwamba namba tatu alihudumiwa, basi, na madaktari walitoka majimbo matano na walikwisha kurudi kwao. Nilimwambia dada tuna utepe wa mkononi. Tuna picha yenye kidole gumba. Tuna meno yenyewe.

"Naelewa jinsi inavyosikitisha," akasema.

Babu aliomba simu. Kiingereza chake ni cha ghalani: namba, rangi, siku za wiki, na asante. Alisimama wima kama anavyosimama mbele ya wakwe, akamwambia kwamba yeye analipa kila Ijumaa. Hilo tu. Lakini Ijumaa kwa Kiingereza inaanza na herufi inayotaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na yeye hakuwa na ya kugusisha.

"Samahani, bwana, sikuelewi," dada akasema. Babu akarudia. "Sikuelewi, bwana. Kuna mtu mwingine naweza kuzungumza naye?"

Babu akanirudishia simu, akaenda kuketi kwenye kochi, akavaa kofia yake ya kazi ingawa hakuwa na zamu siku hiyo.

"Mna haki ya kukata rufaa," dada akaniambia. "Kwa barua, pamoja na ushahidi."

Barua. Hapo nikapata nguvu, kwa sababu barua ndiyo elimu pekee niliyohitimu. Katika miaka mitatu ya bweni niliandika barua nyingi za kujieleza kuliko insha. Niliiandika kwa Kiingereza lakini kwa mwendo wa Kasulu, anuani mbili, kumbukumbu namba, na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, YAH: MENO SABA. Aya ya kwanza iliwaomba wahusike na kichwa cha habari hapo juu. Aya ya pili ilieleza foleni, goli na taa. Ya tatu ilisema kwamba mwanachama aliyetajwa ni msemaji wa familia na kwamba tarehe ishirini na saba Septemba anatakiwa kusema. Nikamalizia kwa unyenyekevu mkubwa, ule wa kumvunja moyo mkuu wa shule.

"Viambatisho?" Babu akauliza. Alijua barua ya serikali inavyokwenda.

"Utepe mmoja. Picha moja."

Alinyanyuka, akaenda kwenye televisheni, akaleta kile kichupa, akakiweka juu ya barua.

"Meno, saba," akasema. "Wamesema ushahidi."

Nilidhani huo ndio utani bora kuliko wote niliowahi kushiriki. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikaona kwamba ni mimi peke yangu ninayecheka. Mtu huyu ametunza kadi ya chakula miaka karibu thelathini. Kwake yeye, karatasi inaweza kukataliwa, lakini kitu chenyewe, ukikiweka mbele ya karani, karani atasema nini?

Posta waliniuliza kama ndani ya bahasha kuna kitu cha kuvunjika. Nikasema, kidogo.

Agosti ikapita. Kila akirudi kutoka kazini Babu alifanya mazoezi ya hotuba yake sebuleni, akisimama kwenye zulia, akimjibu Rurangwa asiyekuwepo. Mimi nililala kwenye kochi na simu yangu, nikijifanya sisikilizi. Mwanzoni sikuelewa hata nusu. Sauti zote zilitoka laini, bila kingo. Jina la Spés ndilo lililomshinda kabisa. Lina sauti ya s mwanzo na mwisho, naye alibaki na pumzi katikati. Lakini kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa naisikia yote, na baada ya wiki moja nikawa naitangulia.

Mama alisema tuwaambie watu wa kanisa, wachange. Wangechanga, na Babu alijua. "Nimekatwa kila Ijumaa tangu Januari," akamjibu. "Niende kuwaomba watu pesa ya kitu nilichokwisha kulipia?" Mama akasema kiburi hakitafuni nyama. Babu akasema hata yeye hatafuni, kwa hiyo wako sawa.

Jumatatu ya wiki ya sherehe, bahasha ikarudi. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye alama ya hatari ya rangi ya chungwa, na ndani ya mfuko, kichupa. Na barua ya aya mbili. Kampuni haipokei sampuli za mwili. Rufaa haikuambatana na nyaraka zinazotakiwa na imefungwa. Chini, karibu na sahihi, walimtakia Babu tabasamu lenye afya.

Babu aliyahesabu meno. Yalikuwa saba. "Angalau ni waaminifu," akasema, akakitia kichupa kwenye mfuko wa koti lake la sherehe.

Tuliondoka Louisville Ijumaa asubuhi, Mama akiendesha, tukampitia Mjomba Samsoni Westerville. Mjomba hakuwa amelala vizuri tangu Julai. Kabla hatujafika Cleveland alijikohoza akasema kwamba, kama Babu ataona vyema, yeye Samsoni anaweza kusema kwa niaba yake.

"Wewe husemi," Babu akamwambia. "Wewe unaongea."

Mjomba akatazama dirishani mpaka Erie.

Ukumbi ulijaa. Wamama wa Buffalo walikuwa na vitambaa vya kung'aa, watoto walikuwa chini ya meza wakizungumza Kiingereza, na harufu ya nyama ya mbuzi iliingia kila mlango ulipofunguliwa. Mzee Rurangwa alisimama na fimbo ndefu. Anafanya kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia, lakini pale alikuwa kama mtu mwenye nchi. Alisema kwa dakika kumi. Alisema wamefuata nyayo za ndama kutoka milimani, wamevuka ziwa, wamevuka bahari, na nyayo zimeishia kwenye mlango huu. Watu wakapiga makofi. Akaketi, akamtazama Babu, macho yake yakicheka. Alikuwa amesubiri hili miezi mitatu.

Babu akasimama. Nilijua sentensi ya kwanza: ndama wetu wote wako zizini, huenda wageni wamefuata nyayo za nyumbu. Ni sentensi nzuri. Ilitoka kama upepo chini ya mlango.

Watu wakainamisha vichwa mbele. Akaendelea. Kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Maiki mbovu!" Wakamletea maiki nyingine. Babu akaipokea, akashukuru, akaanza tena toka mwanzo, nyumbu na zizi, na mtu wa mitambo akapandisha sauti mpaka tukasikia mate yake. "Bado mbovu!" Wakaleta ya tatu. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba maiki ni nzima. Lakini binti hasimami hapo, na hata ningesimama, ningesema nini? Kwamba angalieni ukurasa wa thelathini na moja? Spés alikuwa amefichwa chumba cha pili na wasimamizi wake, akisubiri kusikia jina lake. Babu alilitaja mara mbili. Hakuna aliyejua limetajwa.

Kwenye maiki ya tatu alinyamaza katikati ya sentensi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa kichupa, akakiweka karibu na maiki, akakitikisa.

Kelele ile ilikuwa kubwa. Kokoto kwenye debe. Ukumbi mzima ukaganda, na Babu akanyoosha kidole kwenye kichupa, kisha mdomoni mwake, kisha akainua mabega. Wakaelewa. Kicheko kilianzia kwa wamama, kikaenda mpaka kwa vijana wa nyuma, watu wakapiga meza, mtoto akaanza kulia kwa hofu. Sijawahi kusikia kicheko cha namna hiyo, na mimi vicheko nimevitafuta maisha yangu yote.

Rurangwa hakucheka. Alisimama, akasubiri kicheko kiishe, akasema: "Mzee Gaudiosi, nimekusikia. Umesema sisi tumefuata nyayo za nyumbu." Hata leo sijui alivyoipata. Labda huko anakofanya kazi amezoea midomo kama hiyo. "Umetutukana vizuri sana. Sasa ngoja nikujibu." Akajibu. Kisha akasema, "Na hapa najua utaniuliza pembe," akajiuliza swali la pembe, akalijibu. Aliyabeba mazungumzo ya pande mbili peke yake kwa nusu saa, akigeuka huku na huku, akimpa Babu maneno mazuri kuliko aliyojipa mwenyewe, na kila mara akimwinamia. Alihakikisha yeye mwenyewe ameshindwa. Watu waliofika kwa kuchelewa walisema hawajawahi kuona heshima kama ile. Babu alikuwa ameketi, kichupa juu ya goti, akitikisa kichwa kukubali pale ilipotakiwa. Spés akatolewa. Vigelegele vikapigwa.

Jumapili baada ya ibada tukaanza safari ya kurudi. Mjomba Samsoni alikuwa ameshika usukani, Mama mbele, mimi na Babu nyuma. Mjomba alikuwa na furaha ya mtu aliyesamehewa. Alisema sherehe ilifana, alisema kile kichupa watakizungumzia Buffalo miaka kumi. Babu alikuwa akitazama mizabibu inayopita dirishani.

"Walicheka," akaniambia, taratibu, kabla hatujafika Erie.

"Walicheka sana, Babu."

"Ile hotuba haikuwa ya kuchekesha. Mwanzo tu. Mwisho wake walitakiwa walie."

"Najua."

"Unajuaje? Ulikuwa kwenye simu."

"Naijua yote."

Akanigeukia. Nilikuwa na majibu mawili ya utani tayari, sikutumia hata moja.

"Haya, sema," akasema. "Mimi ni Rurangwa. Nimefuata nyayo za ndama wangu mpaka hapa."

Nikakaa wima kadiri mkanda wa gari ulivyoruhusu. Nikamwambia ndama wetu wote wako zizini, huenda wageni wamefuata nyayo za nyumbu. Akasema sauti yangu iko juu mno, nishushe, nisiwe kama kuku. Nikashusha. Akaniuliza kuhusu pembe. Nikakosea mahali fulani karibu na Cleveland, akanirudisha nyuma kabisa, kwenye zizi, maana alisema hotuba hairukwi kama dimbwi. Mama hakugeuka, lakini alizima redio.

Tulipomshusha Mjomba Samsoni Westerville, tulikuwa bado hatujakubali kumtoa Spés.